Ritifaa ya Ng'hong'onha: Herufi na Kibodi katika Nyanda za Kati

Katika nyanda za kati za Tanzania, yaani eneo linaloanzia Mpwapwa na Kongwa upande wa mashariki, likapita Dodoma hadi Manyoni na Singida, kisha likapanda kaskazini mpaka Chemba na Kondoa, historia ya maandishi ni kwa sehemu kubwa historia ya mashine zilizotengenezwa kwa ajili ya lugha za watu wengine. Mtumiaji wa kompyuta yenye mfumo endeshi wa Linux anapobonyeza kitufe kimoja na kuona herufi nyingine kwenye kioo, au asione kitu kabisa, kwa kawaida hudhani kibodi imeharibika, akaipangusa vumbi au akanunua nyingine. Mara nyingi kibodi hiyo ni nzima. Kilichoharibika ni maelewano kati ya lugha anayoiandika mtu huyo na lugha ambayo mashine imeambiwa kwamba inaandikwa, na maelewano hayo yalianza kulegea zamani, kabla Linux haijakuwepo. Alama inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko zote ni ile ndogo kuliko zote, ritifaa, ambayo wengine huiita kibainishi, inayokaa kati ya g na o katika neno ng'ombe.

Eneo hili si la kawaida kwa upande wa lugha. Kondoa na majirani zake ni mahali ambapo lugha za Kibantu kama Kirangi, za Kikushi kama Kiburunge na Kialagwa, za Kinailoti kama Kidatooga, na Kisandawe chenye sauti za vidoko, yaani sauti zinazotolewa kwa kubana na kuachia ulimi, zimekaa pamoja kwa vizazi vingi, zikiazimana maneno na hata miundo ya sentensi. Kirangi kina irabu saba, kama kilivyo Kinyaturu cha Singida, ilhali Kiswahili kina tano tu. Chigogo nacho kina sauti za puani zinazotamkwa kwa pumzi, ambazo katika majina ya mahali huonyeshwa kwa herufi h: Ng'hambi katika Wilaya ya Mpwapwa, Ng'humbi katika Wilaya ya Kongwa, na Ng'hong'onha, kata ya Jiji la Dodoma iliyo jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, ambayo jina lake huandikwa kwa namna zaidi ya moja.

Uamuzi wa kuiandika sauti ya ng' kwa ritifaa haukufanyika bara. Edward Steere, mmisionari wa Universities' Mission aliyekuwa Unguja, aliitumia katika kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili cha mwaka 1870, na Kiswahili sanifu, kilichosimamiwa na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1930, kiliihifadhi. Kulikuwa na njia nyingine. Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Kiafrika, iliyoanzishwa London mwaka 1926, ilipendekeza herufi mpya kwa sauti ambazo alfabeti ya Kirumi haina, na miongoni mwake ilikuwamo ŋ. Herufi hiyo ni nzuri kwa mwanaisimu, kwa kuwa sauti moja hupata umbo moja, lakini karani wa boma au mwalimu wa shule ya misheni angeipata wapi? Taipureta yake ililetwa kutoka Uingereza au Marekani ikiwa na vyuma vilivyokwisha kuchongwa. Ritifaa ilikuwamo tayari. Kwa hiyo ng' ilishinda kwa hoja ya kitufe kuliko kwa hoja ya isimu, na uamuzi huo ulipokubaliwa kwa Kiswahili ukaingia pia katika majina ya Wagogo.

Hapa inafaa kuieleza taipureta yenyewe, maana ndimo kilimofichwa chanzo cha tatizo la leo. Mashine ya Remington iliyoingia sokoni mwaka 1874 iliandika herufi kubwa peke yake, na ile iliyofuata mwaka 1878 ikaongeza kitufe cha kubadilisha kati ya herufi kubwa na ndogo. Ni miaka hiyohiyo ambapo wamisionari wa Church Missionary Society walikuwa wakijenga kituo chao Mpwapwa, kwenye njia ya misafara ya kwenda Unyamwezi. Herufi zilikaa kwenye vitufe kwa mpangilio ambao ungali mbele ya vidole vyetu. Mashine zilizouzwa katika nchi zenye lugha za alama za mkazo, kama Kifaransa na Kireno, ziliongezewa kitufe cha pekee ambacho kikipigwa huacha alama ya mkazo juu ya karatasi, lakini sehemu inayobeba karatasi haisogei, ili herufi itakayopigwa baadaye iangukie chini ya alama hiyo. Kwa kuwa kitufe hicho hakikusogeza kitu, mafundi walikiita kitufe mfu, na jina hilo limeingia katika kompyuta bila kubadilika. Mashine za Kiingereza hazikuwa nacho. Aliyetaka kuandika irabu ya Kirangi yenye mstari katikati alipiga i, akarudisha karatasi nafasi moja, kisha akapiga kistari juu yake. Iliwezekana, lakini kila irabu ya namna hiyo ilidai mapigo matatu badala ya moja.

Misafara ya karne ya 19 ilipopita Ugogo ililipa hongo kwa watemi ili ipate maji na njia. Herufi za Ugogo na Kondoa, ziliposafiri kwenda kwenye mashine, zililipa hongo ya namna yake katika kila kituo. Kituo kikubwa kilikuwa ASCII, kanuni ya Kimarekani iliyotolewa mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1967, iliyoipa kila alama nambari yake kati ya nafasi 128. Waliotunga kanuni hiyo walikuwa bado wanafikiri kwa taipureta. Kwa kuwa nafasi zilikuwa chache, walikubali alama moja ifanye kazi mbili: ritifaa iwe ritifaa, na ikipigwa juu ya irabu kwa kurudi nyuma iwe alama ya mkazo, mkato nao uweze kukaa chini ya c. Tangu wakati huo ritifaa ya ng'ombe na mkazo wa é ya Kifaransa zimekuwa majirani wa kitufe kimoja. Jambo hilo halikuwaumiza Wamarekani, ambao hawaweki irabu mara kwa mara baada ya ritifaa. Katika ng'ombe, ng'oa, ng'aa na ng'ambo, irabu haikosi kufuata.

Kanuni za ISO 8859 zilizofuata ziliongeza nafasi hadi 256, lakini ɨ na ʉ, irabu mbili ambazo Kirangi hutofautisha na i na u za kawaida, hazikupewa nafasi katika sehemu yoyote ya kanuni hizo. Watafsiri na wanaisimu walilazimika kutumia fonti zilizobadilishwa, yaani fonti ambazo nafasi ya alama fulani imechorewa herufi nyingine. Maandishi yalionekana sawa kwenye kompyuta yenye fonti ile, na yakifunguliwa kwenye nyingine irabu ziligeuka kuwa alama za fedha au nukta zisizo na maana.

Kisandawe, chenye sauti ambazo mgeni huziona ngumu kuliko zote, kilipata njia nyepesi kuliko lugha nyingine zote za eneo hili. Wanazuoni wa mwanzo, akiwemo Otto Dempwolff aliyechapisha kitabu juu ya Wasandawe mwaka 1916, walikuwa warithi wa mapokeo ya kitaalamu yenye alama za pekee za vidoko, lakini maandishi ya kawaida ya lugha hiyo leo hutumia c, q na x. Herufi q na x hazina kazi katika Kiswahili sanifu, na c haisimami bila h. Vitufe vitatu vilivyokuwa vimelala kwenye kila kibodi ya Kwa Mtoro au Farkwa vikapewa kazi, na kwa herufi hizo mwandishi wa Kisandawe hana haja ya kugusa mipangilio yoyote.

Linux yenyewe ilizaliwa na mpaka wake wa lugha. Kiini cha kwanza kilichotolewa na Linus Torvalds mwezi Septemba 1991 kilielewa kibodi ya Kifini tu, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya mwandishi wake huko Helsinki. Ila kwa kuwa ni programu huria, yaani programu ambayo yeyote anaruhusiwa kuisoma na kuibadilisha, mipaka hiyo ilibomolewa mmoja baada ya mwingine na watu waliokuwa na lugha zao mkononi. Unicode, kanuni inayotaka kuipa kila herufi ya dunia nambari moja isiyobadilika, na UTF-8, njia ya kuziandika nambari hizo iliyobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992, ziliingia taratibu: Red Hat Linux ilizifanya kuwa chaguo la kawaida mwaka 2002, na Debian mwaka 2007.

Tanzania haikukaa pembeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi ujumbe wa makosa. Ilikuwa kazi ya kuheshimiwa, kwa sababu istilahi nyingi zilibidi kuamuliwa kwa mara ya kwanza. Lakini tafsiri ya menyu haigusi vitufe, na kutolitambua hilo ndiko kunakozaa nusu ya malalamiko. Katika Linux lugha hukaa katika ngazi tatu zisizotegemeana. Ya kwanza ni lugha ya menyu. Ya pili ni mpangilio wa kibodi, unaoamua kitufe kipi kitoe alama ipi, na humo Kiswahili cha Tanzania kina mpangilio wake uitwao tz, kama Kenya ilivyo na ke. Ya tatu ni mazingira ya lugha, ambayo kwa Kiswahili cha Tanzania huitwa sw_TZ, yanayoiambia mashine herufi ni ipi, tarehe huandikwaje, na maandishi yahifadhiwe kwa usimbaji gani. Kompyuta inaweza kusema Kiswahili fasaha katika ngazi ya kwanza huku ya pili ikidhani imo Brazil.

Namna kosa linavyotokea huonekana wazi kwa kufuata vidole vya mtu mmoja anayeandika jina Ng'hong'onha kwenye kompyuta ambayo, wakati wa kusakinisha, ilichaguliwa mpangilio wa Kiingereza cha Marekani wa kimataifa wenye vitufe mfu. Jina la kimataifa huvutia, na pengine ndilo humfanya mtu alichague. Anabonyeza N na g, zinatokea. Anabonyeza ritifaa, na kioo hakionyeshi kitu, kwa sababu mashine inangoja irabu ya kuwekea mkazo. Anabonyeza h, mashine inatafuta h yenye mkazo katika orodha yake ya michanganyiko, haiioni, na katika programu zinazofuata utaratibu wa zamani wa X, mfumo unaochora madirisha na kupokea vitufe, inavitupa vyote viwili. Anaendelea na o, n na g, zinatokea. Anabonyeza ritifaa ya pili, kimya tena. Anabonyeza o, na hapo mchanganyiko unapatikana, inatoka ó. Anamaliza kwa n, h na a. Amebonyeza vitufe kumi na viwili, na kwenye kioo kuna herufi tisa: Ngongónha. Akiandika ng'ombe atapata ngómbe. Akikasirika na kuibonyeza ritifaa mara mbili, atapata alama ya mkazo iliyosimama peke yake, ng´ombe, ambayo kwa jicho la haraka hufanana na sahihi lakini kwa kompyuta ni alama nyingine kabisa, na atakayelitafuta neno hilo baadaye katika faili halioni.

Tiba ya papo hapo ni kubonyeza ritifaa na kisha nafasi, ambapo ritifaa ya kweli hutoka. Lakini hiyo ni kulipa hongo kila siku. Njia iliyo bora ni kuuliza mashine inadhani imo wapi. Kwenye mfumo wa X amri setxkbmap -query hutaja mpangilio na tawi lake, na neno intl likionekana kwenye tawi, chanzo kimepatikana. Kwenye mifumo mipya inayotumia Wayland, badala ya X, jibu hutafutwa katika mipangilio ya kibodi ya mazingira ya kazi yenyewe, na localectl status huonyesha kilichoandikwa kwa mashine nzima. Mtumiaji akichagua us bila tawi, au tz, ritifaa hurudi kuwa ritifaa. Wakati mwingine mipangilio miwili imewekwa kwa pamoja, na kitufe cha Super kikibonyezwa kwa bahati mbaya pamoja na nafasi hubadilisha mmoja kwenda mwingine katikati ya sentensi. Hapo herufi huharibika kuanzia neno fulani na kuendelea, na hiyo ni dalili inayotosha.

Urithi wa taipureta za Kiingereza upo katika kosa jingine linalofungia watu nje ya kompyuta zao. Katika mpangilio wa Uingereza, uitwao gb, alama ya @ hukaa kwenye kitufe cha ritifaa na alama za kunukuu hukaa juu ya 2. Katika ule wa Marekani ni kinyume chake. Nywila yenye @ iliyoandikwa chini ya mpangilio mmoja haitakubaliwa na ukurasa wa kuingilia unaotumia mwingine, na kwa kuwa nywila hufichwa kwa nukta, mwandishi haoni kosa liko wapi. Dawa ni kuuandika mpangilio sahihi kwa mashine nzima, si kwa mtumiaji mmoja peke yake. Katika Debian na jamaa zake huandikwa katika faili la /etc/default/keyboard. Kompyuta zilizotumika Ujerumani huongeza la kwao, kwa kuwa huko y na z zimebadilishana mahali, na nyama huwa nzama.

Ngazi ya tatu, ile ya mazingira ya lugha, hukosewa kwa siri zaidi. Mtu akiagiza sw_TZ kwenye mashine ambayo haijatayarishiwa mazingira hayo, mfumo hurudi kimyakimya kwenye mazingira ya msingi yanayoitwa C, yanayojua ASCII tu, na hapo ng' itaandikika bila shida huku ɨ ikikataliwa au ikiwa alama ya kuuliza. Amri locale huonyesha kilichoagizwa, na locale -a huonyesha kilichopo. Tofauti kati ya orodha hizo mbili ndiyo jibu.

Kwa mwandishi wa Kirangi tofauti hiyo si ya kinadharia. Kirangi kimo katika CLDR, hazina ya taarifa za lugha inayotunzwa na Unicode Consortium na kutumiwa na programu nyingi, kwa jina la Kɨlaangi, pamoja na majina ya miezi. Januari ni Kʉfúngatɨ, Agosti ni Kʉvɨɨrɨ, Septemba ni Kʉsaatʉ, na Desemba ni Kʉsasatʉ. Anayesikiliza kwa makini atagundua kwamba ni hesabu: Agosti ni wa pili, Septemba wa tatu, Desemba wa sita, na Januari wa saba, kwa shina lilelile la fungate, siku saba za arusi katika Kiswahili, kwa hiyo mwaka wa hesabu hiyo unaanzia Julai. Orodha hii ndogo inahifadhi kalenda ya watu ndani ya kompyuta, na kuiandika kwahitaji ɨ, ʉ na ú kwa pamoja. Kwa maneno mengine, mkazo uleule unaoiharibu Ng'hong'onha ndio unaohitajika Kondoa, na mtu anayeandika Kiswahili na Kirangi katika waraka mmoja hawezi kuufukuza tu.

Kwa haja hiyo kuna tawi liitwalo altgr-intl, ambamo ritifaa hubaki ritifaa, na irabu zenye mkazo hupatikana kwa kushikilia kitufe cha AltGr, kilicho kulia kwa nafasi, pamoja na irabu yenyewe: AltGr na u hutoa ú. Kwa irabu zenye mstari, programu nyingi hukubali vitufe vya Ctrl, Shift na U vikifuatwa na nambari ya Unicode, 0268 kwa ɨ na 0289 kwa ʉ. Anayeandika kurasa nzima atafaidika zaidi kwa kuandaa faili la .XCompose katika folda yake, lenye mstari wa kwanza unaoingiza michanganyiko ya kawaida na mistari michache inayosema, kwa mfano, kwamba kitufe cha kuunganishia kikifuatwa na kistari na i kitoe ɨ. Ni mapigo matatu, yaleyale ya karani wa taipureta aliyepiga kistari juu ya i, ila safari hii kinachobaki ni herufi moja inayotafutika.

Herufi kubwa zina historia yao. Ɨ ilikuwamo katika Unicode tangu matoleo ya mwanzo, kwa nambari 0197, lakini ʉ iliingia kama alama ya fonetiki, na fonetiki haina herufi kubwa. Herufi kubwa Ʉ iliongezwa katika toleo la 5.0, mwaka 2006, kwa nambari 0244. Kabla ya mwaka huo, kichwa cha habari cha Kirangi chenye herufi kubwa tupu kilikosa irabu hiyo katika kanuni, hata kama mwandishi alikuwa na kompyuta bora na mipangilio isiyo na kosa.

Limebaki tatizo moja ambalo mipangilio haiwezi kulitatua, na liko mpakani mwa eneo hili, upande wa kaskazini, kwenye nyanda za Mbulu. Katika maandishi ya Kiiraqw, sauti ya koo inayofanana na ain ya Kiarabu huandikwa kwa mkwaju, yaani /, alama iliyokuwamo tayari kwenye taipureta na isiyo na kazi ya herufi. Ndani ya waraka alama hiyo huandikika kwenye mpangilio wowote bila taabu. Lakini katika jina la faili Linux haikubali alama mbili tu, na mkwaju ni mojawapo, kwa kuwa ndio unaotenganisha folda na folda. Neno la Kiiraqw lenye herufi hiyo likipewa faili kuwa jina lake, kiini husoma kilichotangulia mkwaju kuwa jina la folda, na kinakwenda kuitafuta folda hiyo.